Upimaji wa feni za kompyuta

Upimaji wa feni za kompyuta ni kazi ya kutambua feni ya kupozea kompyuta husukuma hewa kiasi gani, na huweza kuisukuma dhidi ya kizuizi kikubwa kiasi gani. Mambo mawili hupimwa pamoja. La kwanza ni mtiririko wa hewa, yaani ujazo wa hewa inayopita katika feni kwa muda fulani. La pili ni shinikizo, ambalo katika vitabu vya sayansi vya Tanzania huitwa pia kanieneo. Hili ndilo linaloiwezesha hewa kupenya kwenye chujio, matundu ya kasha na mapezi ya kipoza joto.

Matokeo ya upimaji huchorwa kwenye grafu. Namba mbili zinazoandikwa kwenye boksi la feni, mtiririko wa juu kabisa na shinikizo la juu kabisa, ni ncha mbili za grafu hiyo, na hazitokei kamwe kwa wakati mmoja. Feni ikiwa ndani ya kompyuta hufanya kazi mahali fulani katikati. Kutojua jambo hili ndiyo sababu ya watu wengi kununua feni yenye namba kubwa na kukuta kompyuta bado inachemka. Katika sehemu za joto, kama kisiwa cha Pemba huko Zanzibar, kosa hilo lina gharama kubwa zaidi kuliko katika nchi za baridi.

Kwa nini kompyuta huhitaji hewa

Karibu umeme wote unaoingia katika kompyuta huishia kuwa joto. Kompyuta inayotumia wati 200 hutoa joto la wati 200, na joto hilo lazima libebwe nje na hewa. Kiasi cha hewa kinachohitajika hutegemea mambo matatu: wati zinazotumika, densiti ya hewa, na tofauti ya joto kati ya hewa inayoingia na inayotoka.

Feni haitengenezi ubaridi. Hewa inayoingia katika kasha ina joto lilelile la chumba, kwa hiyo feni peke yake haiwezi kushusha joto la kompyuta chini ya joto la chumba hata ikizunguka kwa kasi namna gani. Hapo ndipo hali ya hewa ya mahali inapoingia katika hesabu.

Kwa mfano, kompyuta ya wati 200 inatakiwa hewa yake ya ndani isizidi nyuzi 45 za sentigredi. Katika chumba chenye nyuzi 20, hewa inaruhusiwa kupanda kwa nyuzi 25, na mtiririko unaohitajika ni takriban mita za ujazo 24 kwa saa. Katika chumba cha Chake Chake chenye nyuzi 32, hewa inaruhusiwa kupanda kwa nyuzi 13 tu, na mtiririko unaohitajika huwa takriban mita za ujazo 48 kwa saa. Kompyuta ni ileile na kazi ni ileile, lakini hewa inayohitajika ni mara mbili.

Vizio vinavyotumika

Mtiririko hupimwa kwa mita za ujazo kwa saa, au kwa futi za ujazo kwa dakika, ambazo kwenye maboksi huandikwa CFM. CFM moja ni sawa na takriban mita za ujazo 1.7 kwa saa.

Shinikizo hupimwa kwa paskali au kwa milimita za maji. Milimita moja ya maji ni shinikizo linalotosha kuinua maji katika mrija kwa milimita moja, nalo ni sawa na paskali 9.8. Feni ya kawaida ya kompyuta yenye upana wa milimita 120 hutoa milimita 1 hadi 3 za maji. Hicho ni kiasi kidogo sana: shinikizo la angahewa kwenye usawa wa bahari ni paskali 101,325, na feni huongeza juu yake paskali 10 hadi 30 tu. Kwa sababu hiyo kizuizi kidogo, kama chujio lililojaa vumbi, hutosha kuishinda feni.

Kasi ya feni hupimwa kwa mizunguko kwa dakika. Feni nyingi zina waya wa tatu unaotoa mapigo mawili ya umeme kwa kila mzunguko. Mapigo 50 kwa sekunde, kwa mfano, ni mizunguko 25 kwa sekunde, sawa na mizunguko 1,500 kwa dakika. Feni zenye nyaya nne hupokea amri ya kasi kupitia waya wa nne. Waya huo ukiachwa bila kuunganishwa, feni huzunguka kwa kasi yake yote.

Grafu ya feni na nukta ya kazi

Feni ikizibwa kabisa upande wa kutolea hewa, mtiririko huwa sifuri na shinikizo huwa kubwa kabisa au karibu na hapo. Ikiachwa wazi bila kizuizi chochote, mtiririko huwa mkubwa kabisa na shinikizo huwa sifuri. Kati ya ncha hizo mbili kuna mstari unaoshuka, ambao huitwa grafu ya feni.

Kasha la kompyuta nalo lina grafu yake. Ukinzani wa matundu, machujio, nyaya na mapezi huongezeka takriban kwa mraba wa mtiririko: kupitisha hewa mara mbili kunahitaji shinikizo mara nne. Mahali grafu hizi mbili zinapokutana ndipo feni itakapofanya kazi. Mahali hapo huitwa nukta ya kazi.

Kampuni ya Noctua ya Austria, inayotangaza vipimo vya feni zake kwa ukamilifu, inatoa mfano mzuri wa kulinganisha. Feni yake ya NF-S12A PWM ina mtiririko wa juu wa mita za ujazo 107.5 kwa saa na shinikizo la juu la milimita 1.19 za maji. Feni yake nyingine ya upana uleule, NF-F12 PWM, ina mtiririko wa juu wa mita za ujazo 93.4 kwa saa na shinikizo la juu la milimita 2.61 za maji. Anayesoma mtiririko peke yake ataichagua ya kwanza.

Sasa feni hizo ziwekwe katika kasha lenye ukinzani wa paskali 10 mtiririko unapokuwa mita za ujazo 50 kwa saa. Grafu halisi za feni si mistari iliyonyooka, lakini zikichukuliwa hivyo kwa ajili ya kukadiria, feni ya kwanza itapitisha takriban mita za ujazo 42 kwa saa, na ya pili takriban 53. Feni yenye namba ndogo ya mtiririko ndiyo inayopitisha hewa nyingi zaidi. Kompyuta ya Chake Chake katika mfano wa juu ilihitaji mita za ujazo 48: feni ya kwanza haitoshi, ya pili inatosha.

Hii haimaanishi kwamba feni ya kwanza ni mbaya. Imeundwa kwa kasha lenye nafasi wazi, ambako huvuma kwa sauti ndogo. Feni ya pili imeundwa kusukuma hewa kwenye mapezi yaliyobanana, rejeta na machujio.

Upimaji wa maabara

Maabara hufuata viwango vya kimataifa, hasa ISO 5801 na AMCA 210. Chombo kikuu ni sanduku refu lisilovujisha hewa. Feni hufungwa upande mmoja na kulishwa umeme wa volti 12 usiobadilika. Ndani ya sanduku kuna nyavu za kutuliza hewa ili isizungukezunguke, na tundu dogo ukutani ambamo shinikizo hupimwa.

Katikati ya sanduku kuna ukuta wenye nozeli, yaani midomo laini ambayo eneo lake linajulikana. Hewa inapopita kwenye nozeli, shinikizo hushuka, na kutokana na kushuka huko kasi ya hewa hukokotolewa. Kasi ikizidishwa kwa eneo la nozeli, na kurekebishwa kidogo kwa sababu ya msuguano, mtiririko hupatikana.

Upande wa mwisho kuna feni kubwa ya msaada inayonyonya hewa. Kazi yake ni kufidia ukinzani wa sanduku lenyewe. Bila feni hiyo, feni ndogo ya kompyuta ingekuwa inapambana na kizuizi cha nozeli na nyavu, na mtiririko wake wa juu usingeonekana kamwe.

Upimaji huanza sanduku likiwa limezibwa, kisha hewa hufunguliwa hatua kwa hatua hadi shinikizo lifike sifuri. Katika kila hatua huandikwa shinikizo, mtiririko, mizunguko, umeme uliotumika, na joto na unyevu wa hewa ya chumba. Mwishoni matokeo hurekebishwa kuwa ya hewa ya kawaida, yenye densiti ya kilo 1.2 kwa mita ya ujazo, ili vipimo vya maabara mbalimbali viweze kulinganishwa.

Upimaji kwa vifaa rahisi

Sanduku la maabara ni ghali, lakini shule au fundi anaweza kupata makadirio ya kufaa kwa vifaa vya kawaida. Feni ilishwe umeme wa volti 12 kutoka kwenye betri au adapta, kamwe isiunganishwe moja kwa moja na umeme wa ukutani.

Bomba la nailoni. Njia hii hupima mtiririko wa feni ikiwa wazi. Karatasi ya nailoni laini yenye upana wa mita 1.26 na urefu wa mita moja ikiunganishwa kingo zake huwa bomba lenye kipenyo cha sentimita 40. Ncha zake hufungwa kwa visahani vya katoni vya kipenyo hichohicho, kimoja kikiwa na tundu la feni. Bomba likijaa hubeba lita 126 hivi. Hukunjwa likawa bapa, feni huwashwa, na muda wa kujaa hupimwa kwa saa. Likijaa kwa sekunde 8, mtiririko ni lita 15.75 kwa sekunde, sawa na takriban mita za ujazo 57 kwa saa. Jaribio lirudiwe mara tano au zaidi na wastani uchukuliwe. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa mwaka 2006, hivyo ni afadhali bomba moja litengenezwe vizuri na kutunzwa.

Mrija wa mlalo. Njia hii hupima shinikizo. Milimita mbili za maji ni vigumu kuzisoma katika mrija uliosimama wima. Dawa yake ni kuulaza mrija. Mpira mwembamba unaoonesha maji, kama ule ambao waashi hutumia kupima usawa wa msingi, hufungwa juu ya ubao wenye urefu wa sentimita 100, na ncha moja ya ubao huinuliwa sentimita 10. Ncha ya chini ya mpira huunganishwa na chupa pana yenye maji. Kimo cha milimita 2 sasa huonekana kama mwendo wa milimita 20 juu ya ubao. Tone la sabuni husaidia maji yasigande kwenye kuta za mpira. Feni hufungwa kwenye katoni iliyozibwa kwa gundi ya karatasi, na hewa ya katoni hupelekwa juu ya maji ya chupa kwa mpira mwingine. Kabla ya kuwasha feni, mahali maji yalipo huwekwa alama, na mwendo huhesabiwa kuanzia hapo. Kinachopatikana ni shinikizo la juu kabisa.

Vipimajoto viwili. Hii ndiyo njia yenye manufaa zaidi kwa mtumiaji, kwa kuwa hupima nukta ya kazi yenyewe, feni ikiwa ndani ya kompyuta. Kompyuta hupewa kazi isiyobadilika kwa nusu saa. Wati zinazotumika husomwa kwenye mita ya umeme ya kuchomeka ukutani, kisha hupimwa joto la hewa inayoingia na la hewa inayotoka. Katika hewa ya pwani yenye joto, mtiririko kwa mita za ujazo kwa saa ni takriban 3.1 mara wati, gawanya kwa tofauti ya nyuzi. Wati 100 na tofauti ya nyuzi 8 hutoa takriban mita za ujazo 39 kwa saa. Kwa kuwa joto kiasi hupotea kupitia kuta za kasha, jibu huzidi ukweli kidogo.

Moshi wa udi. Kijiti cha udi kinachofuka, kikisogezwa karibu na matundu ya kasha, huonesha mahali hewa inapoingia, inapotoka, na inapozunguka bila kutoka. Njia hii haitoi namba, lakini hufichua kosa la kawaida sana: hewa ya moto iliyokwisha kutolewa kurudi tena ndani.

Anemomita ya mkononi hutumiwa na wengi, lakini huhitaji uangalifu. Katikati ya feni kuna kitovu kisichosukuma hewa, na kasi hutofautiana kutoka kitovuni hadi ukingoni. Kipimo kimoja kilichochukuliwa penye upepo mkali na kuzidishwa kwa eneo lote la feni hutoa jibu kubwa kupita kiasi. Zaidi ya hayo, anemomita yenyewe huzuia hewa.

Kanuni za kasi

Feni ileile ikibadilishiwa kasi katika kasha lilelile, kanuni tatu hufuatwa. Mtiririko hubadilika sawa na kasi. Shinikizo hubadilika kwa mraba wa kasi. Nguvu inayotumika hubadilika kwa kasi mara tatu kwa yenyewe, yaani kwa mchemraba wake. Kuongeza kasi mara mbili hutoa hewa mara mbili na shinikizo mara nne, lakini hula nguvu mara nane, na kelele hupanda kwa takriban desibeli 15. Ndiyo sababu kupunguza kizuizi, kwa kusafisha chujio au kupanga nyaya, kwa kawaida ni nafuu kuliko kuongeza kasi.

Feni mbili zikiwekwa sambamba huongeza mtiririko pale kizuizi kinapokuwa kidogo. Zikiwekwa moja nyuma ya nyingine huongeza shinikizo pale kizuizi kinapokuwa kikubwa. Kwa vyovyote, nukta ya kazi mpya huwa chini ya mara mbili ya ile ya awali.

Mazingira ya Pemba

Pemba iko takriban nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Upana wake haufiki kilomita 25, hivyo hakuna sehemu ya kisiwa iliyo mbali na bahari. Mambo manne ya mazingira yake huathiri feni.

La kwanza ni joto. Wakati wa kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, joto la mchana hufikia nyuzi 32 hivi. Chama cha wahandisi wa upozaji cha Marekani, ASHRAE, hupendekeza hewa inayoingia kwenye seva iwe kati ya nyuzi 18 na 27. Chumba cha Wete au Mkoani kisicho na kiyoyozi hupita kiwango hicho kwa saa nyingi za mchana. Upimaji wa vipimajoto viwili unafaa kufanywa mchana wa kaskazi, kwani kompyuta iliyopimwa ikaonekana salama wakati wa kusi inaweza kushindwa miezi michache baadaye.

La pili ni densiti ya hewa. Hewa yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80 kwenye usawa wa bahari ina densiti ya takriban kilo 1.15 kwa mita ya ujazo. Kinyume na wanavyodhani wengi, hewa yenye unyevu ni nyepesi kuliko hewa kavu ya joto hilohilo. Shinikizo la feni hupungua kwa asilimia 4 hivi likilinganishwa na lililoandikwa kwenye boksi. Upungufu huu ni mdogo. Jijini Nairobi, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, densiti hupungua kwa takriban asilimia 18, lakini hali ya hewa ya huko yenye ubaridi hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Tatizo la Pemba basi si wepesi wa hewa bali ni joto lake.

La tatu ni chumvi na vumbi. Chumvi ya kawaida huanza kunyonya maji kutoka hewani unyevu unapofika asilimia 75 hivi, kiwango ambacho hupitwa mara kwa mara kisiwani, hasa usiku na asubuhi. Vumbi lenye chumvi likitua kwenye mapanga ya feni na mapezi hugeuka kuwa utando wenye unyevu unaokula metali na kukamata vumbi zaidi. Chujio huzuia vumbi hilo, lakini nalo huongeza ukinzani, na likiachwa bila kusafishwa huirudisha nukta ya kazi nyuma wiki baada ya wiki. Kwa mazingira haya shinikizo la feni lina uzito zaidi kuliko mtiririko wake wa juu.

La nne ni umeme. Pemba ilitegemea majenereta ya dizeli hadi mwaka 2010, ilipounganishwa na gridi ya taifa kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, wenye urefu wa kilomita 78 hivi. Umeme unapokatika, kifaa cha UPS huendelea kuilisha kompyuta, lakini kiyoyozi huzimika. Joto la chumba kidogo huanza kupanda papo hapo, na usalama wa mashine hubaki mikononi mwa feni zake. Kwa hiyo hata chumba chenye kiyoyozi kinahitaji feni zilizochaguliwa kana kwamba kiyoyozi hakipo.

Makosa ya kawaida

Kosa la kwanza ni kulinganisha feni kwa mtiririko wa juu peke yake. La pili ni kuchanganya vizio: feni ya CFM 50 na feni ya mita za ujazo 85 kwa saa ni sawa, ingawa ya pili inaonekana kubwa. La tatu ni kulinganisha feni zilizopimwa kwa kasi tofauti bila kuangalia kelele.

Kosa la nne ni kufungua ubavu wa kasha na kudhani umemaliza tatizo. Wakati mwingine joto hushuka, na hiyo ni dalili kwamba kasha lina ukinzani mkubwa. Lakini mara nyingine hewa huacha kupita kwenye sehemu zenye joto, na vumbi huingia bila kuchujwa. Kosa la tano ni kutegemea pangaboi la darini: huwapa watu nafuu kwa kukausha jasho lao, lakini kompyuta haitoki jasho, na hewa inayoingia katika kasha hubaki na joto lilelile.